Risiti

Mimi nilikuwa wa tisa kuituma.
Nimehesabu.

Video ya sekunde arubaini:
mkono usio na uso wafungua transfoma,
mafuta meusi yamiminika kwenye dumu la njano,
mara karai lachemka,
na sauti ya mtu mwenye haraka yasema:
Guraya hii, jamani. Viazi vyenu hivi.

Guraya, upande wetu, anayekaanga jioni ni mmoja,
Mwanamvua binti Shee.
Jina halikutajwa. Halikuhitajika.

Siku ya pili Thureya, yule mwenye kazi ya kupekua picha,
akaleta jibu kwenye grupu la mtaa:
nchi si hii, mwaka si huu,
tazameni ukutani, nyuma ya dumu,
bango lina maandishi asiyoyasoma mtu hapa.
Na lile karai limeungwa tu, latoka kwenye video ya harusi.
Akachora mishale myekundu. Akaandika kwa adabu,
akamalizia na shukrani.

Tukamjibu.

Dzombo: Umelipwa viazi vingapi?
Mama Kalekye: Ndiyo maana tumbo langu juzi.
Asiye na picha wala jina: Lisemwalo lipo.
Mwingine akampokea: Na kama halipo, li njiani.
Fumo akatuma vikatuni sita vinavyolia kwa kicheko.
Badi wa duka la simu: Nimetuma kama nilivyopokea,
kana kwamba yeye ni posta tu.
Mmoja, simtaji, akauliza: Kwani wewe kwenu hasa ni wapi?
Shangazi yake Thureya akaweka kidole gumba.
Baadaye akakiondoa.

Tulifunzwa kwamba njia ya mwongo ni fupi.
Kweli ni fupi: kutoka kidole hadi kidole.
Ukweli ndio uvukao Makupa kwa miguu,
jua la saa saba utosini,
na kila hatua waulizwa kitambulisho.

Mimi sikuandika neno.
Nilitaka kuifuta, ile yangu, ifutike kwa wote.
Simu ikaniambia muda umepita.

Jioni ya nne nikaenda.
Chupa ya ukwaju ilikuwa imejaa hadi shingoni.
Mwanamvua amekaa juu ya kreti la soda,
dumu lake la mafuta amelisimamisha mbele ya meza,
lebo ikitazama barabara,
na juu ya lebo, kwa selotepu,
amebandika risiti ya duka.
Tarehe ameipigia mstari kwa kalamu, mara mbili.

Akanifungia viazi vya hamsini, akazidisha viwili,
maana nilikuwa mteja wa kwanza na magharibi ishaadhiniwa.
Kisha akapangusa mikono kwa leso, polepole,
akaniuliza:
Mwanangu, wewe wazijua hizi simu.
Hivi yaweza kujulikana nani na nani waliituma?

Nilikuwa na kiazi mdomoni.
Kilikuwa cha moto sana,
nikaushukuru ule moto.