Kilichopenya Ukutani

Msibani kwa Mrisho Kapela, mtaa wa Isevya,
siku ya pili, chai ya tangawizi bado inafuka,
wazee wa bendi wameurudia ule ubishi:
bendi hasa ilikuwa nani?

Marehemu, anasema Idi Kasongo, harakaharaka,
maana maiti habishiwi.
"Kinanda, jamani. Bila kinanda tulikuwa bati na kamba."

Lugome wa drams anakataa,
goti lake la kulia limekataa kabla ya mdomo.
"Nyimbo zetu zilihesabiwa saba, si nne.
Ile saba mlishikiwa na nani? Kinanda?"
Na Sizya mwimbaji, mwenye meno matatu sasa,
anakumbusha kwamba kwenye mabango
ulibandikwa uso wake.

Nawaacha wabishane.
Nimeshika daftari la rambirambi
kama nilivyoshika vitabu vya tiketi miaka kumi na mmoja
mlangoni pa ukumbi karibu na stesheni.
Kalunde mkata tiketi. Sikuwahi kuwaona wakipiga.
Mlango ulifungwa, nikabaki nje
na sanduku la chenji, na mbu.

Watu walikuja kutafuta dansi
wakakutana na wimbo wa dakika ishirini
unaogeuza mwendo kila ukidhani umeuzoea.
Mzee mmoja wa Kanyenye alitoka kwa hasira, kiatu mkononi:
"Mimi nina miguu miwili,
hawa wanampigia mnyama gani?"
Akadai fedha zake. Nikamrudishia nusu
kwa sababu alicheza nusu.

Sasa niwaambie kuhusu ukuta.
Matofali ya kuchoma, unene wa mkono mzima.
Kinanda cha Mrisho hakikuvuka.
Mungu amrehemu, hakikuvuka.
Sauti ya Sizya ilinifikia kama mtu
anayegombana na mkewe nyumba ya tatu.
Drams zilifika vipandevipande, shaba zake zimebaki ndani.
Gitaa la Idi lilichungulia dirishani
likaondoka na upepo.

Lakini kilikuwepo kitu
ambacho hakikuja kwa njia ya masikio.
Kilipanda miguu ya kiti,
kikaingia sandukuni, sarafu zikaanza kunong'ona:
sita, halafu kimya kifupi
kama mtu anayeruka dimbwi,
sita tena, dimbwi.
Nilijua wimbo upi unapigwa
kwa kusikiliza senti.

Mayunga. Besi.
Mchana alikuwa mshika pointi pale stesheni:
hii ya Mwanza, hii ya Kigoma, hii ya Mpanda,
mkono kwenye wenzo, na mabehewa ya watu waliolala
wasijue nani kawaepusha kwenda kusiko kwao.
Usiku alifanya kazi ileile.

Mara moja tu hakuja. Mvua ilikata reli,
akakwama Mpanda siku nne.
Wakapiga bila yeye. Ndani walishangiliwa,
naambiwa ilikuwa nzuri sana.
Nje kulikuwa na ukuta.
Sarafu zililala kama sarafu,
na mimi, kwa mara ya kwanza, nikazihesabu
zikatimia.

"Kalunde!" Idi ananiita. "Wewe ulikuwepo kila usiku.
Toa hukumu, tumalize."

Wote wananigeukia, hata Sizya
amefunga mdomo wake wenye mabango.
Natazama pembeni ya ua.
Mayunga hakukaa nao. Anapasua kuni za jioni,
shati kalitundika kwenye ukingo wa kisima,
mgongo umekonda, kila pingili inaonekana.
Hakuna aliyemwuliza.
Shoka linashuka mara sita,
linasita,
na juu ya stuli yangu kikombe cha chai
kinafanya viduara.

"Mchango wako bado," namwambia Idi.
"Elfu tano. Niandike, nisiandike?"