Kiti cha Nyuma

Mselem, dukani kwake Kisumu Ndogo,
ameandika ukutani kwa rangi iliyobaki ya mlango:

*Mwenye gari nakwambia, tairi ndicho kiatu,*
*Njia itakutambia, ukivaa cha mwenzetu,*
*Mwiba ukikuingia, usimlaumu mtu,*
*Mkopo sitasikia, hata uwe ndugu yetu.*

Mimi si ndugu yake, nilikuja na pesa taslimu,
nusu ya chama, nusu ya mbuzi niliowachanja Chakama
wenyewe wakanilipa baada ya miezi saba.

"Daktari, unakwenda wapi?"
Hakuniuliza nina ngapi.
Nikamwambia: Marafa, Baricho, Dakacha.
Jumatatu lami, Jumanne mchanga,
Jumatano ule udongo mweusi
unaomeza gurudumu kama mtoto anavyomeza dawa,
anakataa, anakataa, halafu yote.

Akanionyesha za matope, meno kama ya mamba wa Sabaki.
Nzuri kutazama. Vijana huyavisha magari
yasiyovuka hata dimbwi la Maweni.
"Ila hizi kwenye lami zitakupigia kelele mpaka Gongoni,
na dizeli utaiona inavyokwenda."
Akavuta nyingine, za njia zote, meno ya wastani,
akaupapasa ubavu kama mtu anayenunua ng'ombe
(kazi yangu hiyo, nikamwacha aiige)
kidole kikasimama kwenye tarakimu nne:
juma la kumi na nane, mwaka jana.
Kumbe tairi nalo lina siku ya kuzaliwa,
huzeeka hata likiwa rafuni,
halijaenda popote.

Nne, nikasema.
Tukabishana kuhusu la akiba.
Tano.

Kwa Tsofa, mshona viti, mambo hayakwenda mbio hivyo.
Nilikuwa na mchoro nyuma ya karatasi ya dawa ya minyoo:
kiti cha nyuma kitoke chote,
friji ya chanjo ikae kulia na betri yake,
droo mbili za plaiwudi zenye kufuli,
moja ya sindano, moja ya kamba na mabuti,
sakafu ya mpira, ng'ombe akizaa kwa shida
na mimi nikarudi na nguo zilizolowa, iwe maji tu na ufagio.
Viti vya mbele turubai. Ile ngozi ya Mtaliano aliyeniuzia
imepasuka, na saa saba mchana wa Malindi
inakaanga mapaja.

Tsofa akafungua bolti tatu. Ya nne ikakataa, kutu ya chumvi.
Akaimwagia mafuta, akaenda kunywa chai, akarudi.

Kiti kilipoinuka:
mchanga wa Mambrui,
soksi moja,
krayoni ya zambarau iliyoyeyuka ikashika zulia,
mbegu za mabuyu zilizofyonzwa mpaka zikapauka,
na mtihani wa hisabati, arobaini na moja kwa mia,
umekunjwa mara sita,
ule ambao Mbeyu aliapa, darasa la tano,
kwamba upepo uliuchukua dirishani.

Nilicheka. Kisha Tsofa akaenda kutafuta spana
aliyokuwa ameishika.

Mbeyu yuko Eldoret siku hizi, anasomea uhandisi wa maji.
Nikampelekea picha.
Akajibu: *Hiyo si yangu. Ni ya upepo.*

Nilipima tena kwa utepe, mara mbili, urefu na upana,
friji haikukubali kupungua hata inchi.
"Basi kikate," nikasema. "Bakisha cha mtu mmoja,
kushoto, pale ninapopaona kwenye kioo.
Droo iwe moja. Mabuti yatapanda juu ya paa."

"Si ulisema wewe husafiri peke yako?
Nikiandike cha nani?"

Nikamwambia.
Hakuuliza zaidi, mtu wa kazi.
Akalamba ncha ya penseli, akaandika daftarini:
*kiti 1, turubai, abiria upepo,*
na chini yake, bila haya,
*kukata chuma, mia nane.*