Kofia ya Rubani

Robota lilifunguliwa saa moja na nusu, Birere,
harufu yake ikatutangulia: dawa ya nondo,
sabuni ya nyumba za watu tusiowajua.
Wenzangu waliinamia makoti. Mimi nilizamisha mkono
penye vya watoto, hadi kwapani,
nikapapasa: gari lisilo gurudumu,
dubu, sungura wa mpira,
kisha goti.
Goti dogo, gumu, linalokunjika.

Nilimjua kabla sijamtoa.

Rubani wa chombo cha anga, suti ya rangi ya chungwa
iliyopauka kama papai la juzi,
mkanda mweusi umechorwa kifuani,
misumari ya mabega bado ya chuma
(waliokuja baadaye walitiwa ya plastiki, ndivyo unavyowatambua),
na chini ya unyayo wa kushoto tarakimu tatu
ninazoziota tangu nina miaka tisa.
Kichwa wazi. Hana kofia.
Bila shaka hana. Nani hufika huku na kofia yake?

Mama Kavugho hakutazama bidhaa, alinitazama mimi.
Mtu wa dubu alikuwa ameambiwa dola moja.
Kwangu ikawa tano; macho yangu yalikwishalipa
kabla sijagusa mfuko.
"Una watoto?"
"Sina."
"Basi saba."

Wa kwanza aliletwa na baba, mjaza mafuta
pale uwanja wa ndege, zawadi ya fundi wa ndege ya mizigo.
Tulimgawana na Paluku:
mimi rubani, yeye kofia
yenye kioo cha manjano, ndogo kama ganda la karanga,
ili asiruke mtu bila ruhusa ya mwenzake.

Januari ile mlima ulipoingia mjini kwa miguu
mama alishika debe la unga, nami nikashika kitenge cha mama.
Paluku aliitia kofia mdomoni
apate mikono miwili ya kumbeba mdogo wetu.
Akatembea hadi Gisenyi bila kusema neno.
Watu walidhani ni hofu.

Rubani alibaki dirishani.
Alitengenezwa kwa ajili ya nyota,
ila nyota iliyomfuata ilitoka chini.
Sasa juu yake kuna mwamba, juu ya mwamba kuna saluni,
na dada mmoja anasuka watu nywele
pale pale, naapa, palipokuwa kitanda chetu.

Nilimpigia Paluku huko Butembo.
Nikamsomea zile tarakimu tatu.
Alinyamaza, kama siku ile,
hadi nikadhani salio limekwisha.

Siku kumi na moja baadaye kikaja kiberiti,
kimepita vizuizi vingapi, sijui.
Ndani pamba. Ndani ya pamba, kofia.
Ina alama za meno.

Haimwingii.
Kichwa cha huyu kimezidi kwa unene wa kucha.
Kumbe kiwandani walibadili kichwa kwanza, misumari baadaye;
miaka yote hii ya kujua, na hilo sikulijua.
Ningeweza kuipasha moto ilegee,
mimi ni fundi redio, kifaa ninacho mezani.
Nilikiwasha. Nikakizima.
Plastiki hii imekwishaponea moto mmoja.

Nimemsimamisha juu ya redio ya mteja asiyerudi,
kofia imekaa upande, sikio moja nje.
Huwezi kujua anaivaa au anaivua,
kama ndiyo kwanza anaondoka
au amefika, na anataka kuomba maji.

Paluku anauliza: imemtosha?
Nimemjibu kwamba mtandao ni mbaya.

Jumanne Mama Kavugho anafungua robota jingine.