Safu ya Saba, Namba Kumi na Mbili

Mtunza makaburi anaitwa Oddvar.
Ana mafua, na ufunguo wa ofisi
ameufunga kwa kipande cha mshipi wa kuvulia.
"Huku kwetu kaburi ni la kupanga," asema.
"Miaka ishirini ya mwanzo hulipi.
Baada ya hapo unaletewa ankara,
kama ya maji, kama ya umeme."

Nimetoka Bergen kwa basi, kisha kivuko,
na jina moja nyuma ya bahasha:
Gurine Haukås, mama yake babu,
aliyepasua samaki wa chumvi
hadi vidole vikakataa kukunjuka.
Tangu asubuhi nafuta theluji mawe kwa glovu.
Haukås mmoja, mtoto wa miezi minne.
Haukås mwingine, nahodha:
meli yake imetajwa kwa jina,
mkewe ameandikwa "mke".

Oddvar alaza kitabu mezani.
Jalada limevimba kwa unyevu.
Kidole chake chashuka, Gabriel, Gjertrud,
chasimama.
"Huyu hapa."
Wino wa buluu. Novemba, 1936. Kifua.
Safu ya saba, namba kumi na mbili.

Nilikuwa nimeshavaa kofia.
"Ngoja," akasema, akapenga kamasi.

Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mtu mwingine:
Notisi imetumwa, 1981. Haikujibiwa.
Imetumwa tena. Haikujibiwa.
Kaburi limerudishwa.

Limerudishwa kwa nani, sikuuliza.
Niliuliza notisi ilitumwa kwa nani.

Akakigeuza kitabu kinielekee.
Jina la baba yangu,
mtaa wetu, namba ya mlango wetu
uliopakwa rangi ya haradali.

Mwaka ule kiwanda kilifungwa.
Bahasha zenye dirisha
baba alizitupia kwenye droo ya visu, hazijafunguliwa,
nami, mwenye miaka sita na mkasi,
nilizikata vile vidirisha
nikavitia vioo nyumba ya mwanasesere.
Ilikuwa nyumba nzuri. Mwanga uliingia.

"Hatuwafukui," Oddvar alisema tukitembea,
kana kwamba nimemshtaki.
"Jiwe tu ndilo huondolewa. Mwingine huwekwa juu."

Safu ya saba, namba kumi na mbili,
amelala Svein-Arild, fundi bomba,
na taa ya betri, na mbwa wa kauri
aliyevunjika sikio.
Ankara yake imelipwa hadi mwaka
ambao huenda mimi mwenyewe sitauona.

Oddvar akarudi ndani kwenye joto.
Kivuko kilikuwa saa kumi.
Sikujua pa kuweka miguu.
Nikamsalimia kwanza fundi bomba,
kama unavyomsalimia mpangaji
aliyekufungulia mlango usiomtarajia,
kisha nikamuuliza, kwa sauti ya chini,
kama yule bibi wa chini yupo.