Kisogo

Sura yake sikuiona.
Abiria wa tuktuk hupewa kisogo,
na kisogo ndicho nilichokisoma usiku ule
kutoka Nyalenda hadi Rasha
(bango la hospitali lina jina jingine,
lakini homa haisomi bango):
kovu la wembe chini ya nywele,
mkunjo mmoja wa shingo,
na kola aliyoigeuza fundi ili idumu.

Awuor alikuwa na miezi saba,
moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Tulipofika Kachok nikapapasa pembe ya leso
nikakuta fundo limefunguka.
Sarafu zangu zilikuwa zimebaki njiani,
labda kwenye tope la mlango wa Mama Obura,
labda zimelala huko mpaka leo.

Sikusema. Nani husema
injini ikiwa bado inanguruma upande wake?
Nikakwaruza kwa ukucha mshono wa turubai,
uzi wa bluu, zigizaga, kama nyayo za kuku,
nikahesabu: Kibuye, taa. Kondele, giza, taa.
Nilisema langoni, mguu mmoja chini:
"Baba, sina."

Hakugeuka.
"Ni sitini. Utanipa siku nyingine,"
akasema, kama mtu mwenye hakika
kwamba siku nyingine ipo.
Na mimi, kwa mara ya kwanza usiku ule,
nikaamini itakuwepo.

Awuor sasa yuko gredi ya tatu,
anahesabu chenji kunishinda.
Mimi bado nabeba sitini ile,
noti ya hamsini ya sura ya zamani
na kumi moja, imefifia ukingoni.
Nimepanda tuktuk za Kisumu kwa kuchagua shingo.
Madereva hunidhani nina wazimu, au nina mapenzi.
"Mama, unapanda au unapima?"

Wenzangu wa mitumba pale Kibuye hucheka:
sitini siku hizi haikuvushi hata barabara!
Najua. Nauli hupanda petroli ikipanda,
hupanda mvua ikinyesha,
na petroli ikishuka
nauli husahau njia ya kurudi.
Deni langu tu ndilo halijasikia habari hizo.

Jumanne nikauona mshono.
Si shingo. Uzi wa bluu, nyayo za kuku,
umepauka, lakini kidole changu kiliujua.
Mbele yangu kisogo kigeni, laini, kimenyolewa jana:
kijana wa Bungoma, Wekulo.
Tuktuk aliinunua kwa mzee wa Ahero
aliyerudi kwenye mpunga wake mgongo ulipomkataa.
Nambari ya simu? Ilikwenda na simu, na simu ilikwenda na mwizi.

Nikamnyoshea sitini.
Akaitazama ile noti kama barua ya jirani.
"Mama, hii ni nauli ya safari nisiyoiendesha."
Nikamwambia, chombo ni hiki hiki.
"Chombo hakikukopesha," akasema.
Kisha, akiwasha injini:
"Ya leo ni mia."
Nikalipa mia.

Usiku nikamweleza Awuor yote,
hata lile la fundo, ambalo nililionea aibu miaka hii.
Akataka kujua tu Ahero ni mbali kiasi gani.
Akapiga hesabu kwa vidole, midomo ikicheza:
mia kwenda, mia kurudi,
"na mimi nusu, nikikukalia miguuni bure..."
Akanitazama.
"Mama. Mia tatu, kwenda kulipa sitini?"

Jumamosi, nikamwambia. Vaa viatu vya shule.
Nikachukua pembe ya leso,
nikafunga,
nikavuta kwa meno.