Kumi, Usiku Kumi

"Katika miezi mitatu iliyopita,
yupo mtu wa nyumba hii aliyelala nje ya wilaya?"
Ndivyo fomu inavyosema. Mimi naisoma tu.
Nina kitambulisho shingoni, kalamu mbili,
chaki ya kuandikia namba milangoni
na viatu vilivyokunywa matope yote ya Soroti.

Mzee Ejoku, sajini mstaafu,
hunijibu kwa Kiswahili cha kambini,
kilichonyolewa ngeli kama kuruta anavyonyolewa nywele:
"Mimi nalala Kumi."
Usiku ngapi, mzee?
"Kumi."
Naam, Kumi nimeandika. Usiku ngapi?
"Wewe karani! Nasema kumi! Kumi, kumi!"
Mkewe anacheka hata ungo unamwaga mtama,
kuku wanashukuru.
Mji: Kumi. Idadi: kumi.
Sababu ya safari: pensheni.
Alilala barazani pa ofisi ili awe wa kwanza asubuhi,
akawa wa kwanza mara kumi,
na mara kumi akaambiwa mtandao haupo.
Fomu haina pensheni. Ina likizo, ina harusi,
ina "nyingineyo", namba tisa,
shimo ninamotumbukiza nusu ya nchi.

Asekenye anauza machungwa.
Msimu ukifika halali hapa, analala Kalerwe.
Aina ya malazi? Hoteli, nyumba ya wageni, kwa ndugu?
"Juu ya magunia."
Anajifunga kamba mguuni, ncha ya pili kwenye gunia,
gunia likitembea, naye anaamka.
Ulilipa shilingi ngapi kwa usiku mmoja?
Ananitazama kwa huruma,
ananichagulia chungwa bivu, anamenya mwenyewe.

Nimeanza kuujua mwendo wao.
Harusi ni usiku mmoja, na kulala kwenyewe hakuna.
Matanga ni matatu, manne kama marehemu alikuwa na ng'ombe.
Vijana hushuka kusini na godoro,
hurudi Desemba bila godoro, na redio.
Na kila nikiuliza "usiku ngapi"
watu hutazama juu, kwenye nyasi, kwenye bati,
kana kwamba hesabu imechomekwa huko pamoja na mundu.
Mimi husubiri. Moyoni husema:
mtu atasahauje alikolala?

Anyait hakutazama juu.
"Arobaini na moja," akasema, kabla sijamaliza swali.
Hospitali, Gulu. Chini ya kitanda cha mwanawe,
mkeka, sufuria, sabuni nusu kipande.
Wauguzi walimhesabu mgonjwa asubuhi na jioni,
wa chini ya kitanda walimruka kwa ufagio.
Ulisafiri peke yako au na wengine?
"Tulikwenda wawili."
Nikaandika mbili.
Mlirudi wangapi, fomu haiulizi.
Alinijibu.
Kalamu ilikuwa na wino, lakini niliitikisa,
nikaitikisa tena,
mpaka akaniletea maji ya kunywa.

Usiku huu simu inalia. Ni Wandera,
mwenzangu anayehesabu upande wa Busia, nyumbani.
"Leo zamu ya mtaa wako. Nimemkuta binti yako.
Nimemuuliza nani halali hapa,
akasema: mama analala kazini."
Anacheka. Nami nacheka.
"Sababu nimeweka tisa. Sasa niambie,
usiku ngapi?"

Nimelala chali kwenye kitanda cha gesti,
chumba namba sita, neti ina tundu nililoliziba kwa uzi mwekundu.
Nilipofika uzi ulikuwa mrefu.
Nilipofika mwezi ulikuwa... la, kulikuwa na mvua.
Natazama dari.
Doa la maji limekua, sasa lina pembe.
"Ishirini na kitu," nasema.
Kimya. Namsikia akigonga kalamu mezani.
"Dada, unaijua fomu. Haikubali 'na kitu'."