Fundi Cherehani Katika Chumba cha Mashine

Nalipanda ngazi ya chuma nyuma ya sinema, Bondeni,
kopo la mafuta mfukoni, bisibisi mbili kwapani.
Msellem alimtuma kijana: picha yatetemeka,
watu wapiga miluzi, fundi yuko Nairobi hadi Jumanne.
Nikasema, mimi ni wa cherehani.
Kijana akajibu, alisema utasema hivyo.

Chumba kina joto la tanuri la mkate.
Mashine mbili, moja imelala, moja yawaka:
vijiti viwili vya makaa vikikaribiana bila kugusana,
na kati yao mwanga.
"Usiuangalie," akasema.
Niliuangalia.
Wiki nzima nikatunga uzi kwa kubahatisha.

Alipofungua kijilango ubavuni nikacheka peke yangu.
Kumbe filamu haitiririki!
Yavutwa hatua, yasimama, nuru yapita,
bati lafunga, yavutwa tena,
mara ishirini na nne kwa sekunde moja.
Ni nguo chini ya sindano:
sindano ikishuka, nguo hutulia,
nguo ikisogea, sindano iko juu.
Na kinachovuta ni msalaba wa chuma,
mdogo kama kifungo cha koti,
mkono wake mmoja umelika.

Wa kubadilisha hatukuwa nao.
Lakini kitanzi cha filamu kilikaza mno,
nami najua: uzi ukikazwa, mshono huruka.
Akazima. Ukumbi mzima ukatutukana, mama zetu wakatajwa.
Akakirefusha kitanzi kwa vidole viwili,
nikatia matone matatu penye meno,
akawasha.
Picha ikatulia, ikitikisika kidogo tu,
kama mtu anayezuia kikohozi msikitini.

Nililipwa tiketi mbili.
Mke wangu Mwanakweli alilia hadi buibui likalowa.
Mimi nilingoja doa jeusi kona ya juu,
ishara ya kuiamsha mashine ya pili,
na lilipotokea nikasema kwa sauti, "Sasa!"
Wa nyuma akanirushia njugu.
"Umeona nini wewe?" Mwanakweli aliniuliza njiani.
Nikamwambia, giza. Nusu ya onyesho ni giza,
na tumelilipia.
Hakunisemesha hadi Makadara.

Mashine ziliuzwa Shimanzi kwa kilo.
Msellem akaniletea msalaba, kaufunga kwa leso,
akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.
Feni ikivuma, huuweka juu ya karatasi za kukatia kola.
Ule mkono uliolika hukwaruza kidogo.
Mteja akiuliza ni nini,
humwambia ni kizito cha karatasi.